Pete ya Ukili: Uchambuzi wa Pete Mbili za Ndoa Zilizochorwa na Wenyewe

Mchoro ulikuja kwenye karatasi ya daftari la hesabu: ukanda wa ukili (msuko wa miyaa, yaani majani yaliyochanwa, ambao hushonwa kuwa mkeka), utepe mmoja juu mmoja chini, ukizunguka kidole bila mwanzo wala mwisho. Bwana harusi ni mzaliwa wa kisiwa cha Pate, Lamu, na mamake hadi leo husuka ukili na kushona mikeka. Bibi harusi ni muuguzi hapa Nairobi. Harusi ilipangwa Desemba, Lamu, na mchoro ulifika mezani kwa sonara mwezi wa Julai. Pamoja na mchoro ilikuja bangili moja ya dhahabu ya karati 22, uzito gramu 8.4, iliyotolewa na mama mkwe kwa sharti moja tu: pete ya mkwe wake itoke kwenye bangili hiyo, si kwenye dhahabu nyingine.

Kabla pete hizo hazijavaliwa yalitokea makosa manne. Matatu yalikuwa ya karatasi na hesabu, moja tu ndilo lilikuwa la moto. Watu wengi huogopa siku ya kuyeyusha, ilhali pete ya kubuni huharibika mapema zaidi, kwenye kalamu na kwenye uzi wa kupimia kidole.

Kidole ndicho mstari wa kwanza wa mchoro

Kwa pete laini isiyo na nakshi, saizi si jambo la kukosesha usingizi. Sonara huikata, akaongeza au kupunguza kipande, akatia lehemu na kung'arisha, na mkato hauonekani. Nakshi ikizunguka pete nzima, mambo ni mengine kabisa. Saizi ndiyo inayoamua upana wa kila utepe, na ikibadilika, mchoro wote unachorwa upya.

Kipimo cha kwanza kilichukuliwa kwa uzi, nyumbani, asubuhi ya Julai. Uzi ulizunguka kidole cha bibi harusi kwa milimita 50, yaani kipenyo cha milimita 15.9. Hapo yalirundikana makosa matatu kwa mpigo. Uzi huvutika na kuzama kwenye nyama. Uzi ni mwembamba, lakini pete iliyokusudiwa ilikuwa na upana wa milimita 4, na pete kadiri inavyokuwa pana ndivyo inavyobana. Tena Julai ya Nairobi ni baridi na vidole husinyaa. Harusi yenyewe ni Lamu wakati wa kaskazi, joto limepanda, bibi harusi amesimama tangu alasiri, na chumvi ya pilau iko mwilini.

Kidole kilekile kilipimwa tena jioni, baada ya zamu ya kazi, kwa pete za chuma za kupimia zenye upana wa milimita 4. Kikatoa 16.5. Tofauti ya milimita 0.6 ni kama robo tatu ya saizi ya Kimarekani, maana saizi moja huko ni milimita 0.81 za kipenyo. Pete ya 15.9 ingeweza kuvaliwa Nairobi asubuhi na kukataa kutoka Lamu jioni. Kipimo kizuri ni kile kinachoteleza kuingia na kukazana kidogo kwenye kifundo wakati wa kutoka. Bwana harusi alipimwa kwa pete za upana wa milimita 6, akapata 19.8.

Kwenye oda iandikwe milimita za kipenyo cha ndani, basi. Karakana za Nairobi husoma vipimo kwa mifumo tofauti: herufi za Kiingereza hapa, namba za Kimarekani pale, na kwingine namba za Kihindi. "Saizi 10" ya mfumo mmoja si saizi 10 ya mwingine. Milimita hazina kabila.

Miyaa haiongopi

Faili ya kwanza ya kompyuta ilichorwa kwa kipimo kile cha uzi. Ukuta wa pete ulikuwa milimita 1.3, kwa hiyo kipenyo cha nje kilikuwa 18.5 na mzunguko milimita 58.1. Mchoraji aligawanya mzunguko huo kwa tepe za milimita 1.66 na kupata tepe 35. Kwenye kioo zilipendeza. Ila 35 ni witiri. Ukili ni juu, chini, juu, chini. Ukianza na juu na ukahesabu 35, utepe wa mwisho nao ni juu, na mahali miisho inapokutana panakaa tepe mbili za juu bega kwa bega. Kwenye mkeka kosa hilo lingeonekana na mtoto anayejifunza kusuka, na kweli aliyeliona si mchoraji wala sonara. Ni mama mkwe, aliyetumiwa picha kwa simu.

Hesabu sahihi huanza na rudio zima, yaani juu moja na chini moja. Kwa kidole cha 16.5 na ukuta wa 1.8, kipenyo cha nje ni 20.1 na mzunguko ni 63.1. Ukigawanya kwa rudio la 3.5 unapata 18 bila kubaki kitu cha maana. Kwa bwana harusi, 19.8 na ukuta uleule, kipenyo cha nje ni 23.4, mzunguko 73.5, na marudio ni 21. Kwa hiyo pete mbili za saizi tofauti zilibeba nakshi ya ukubwa uleule, jambo ambalo halitokei lenyewe. Kama namba zingekataa, dawa ingekuwa kuongeza au kupunguza ukuta kwa sehemu za kumi za milimita, si kuvuta nakshi mpaka ienee.

Ukuta nao una kisa chake. Katika faili ya kwanza mifereji kati ya tepe ilikuwa na kina cha milimita 0.8 kwenye ukuta wa 1.3. Chini ya mfereji ilibaki 0.5, na kung'arisha upande wa ndani kungeondoa 0.1 nyingine. Pete yenye 0.4 kwenye sehemu yake nyembamba itapinda siku mvaaji atakapokamata mpini wa kitanda cha hospitali. Ikafanywa ukuta wa 1.8 na kina cha 0.5, hivyo chini ya mfereji pabaki 1.3. Upana wa mfereji haukuruhusiwa kuwa chini ya 0.4, mfereji mwembamba kuliko hapo hukataa kujaa vizuri wakati wa kusubu (kumimina metali iliyoyeyuka kwenye umbo), au huzibwa na kung'arishwa.

Halafu likaja swali ambalo wachumba hawapendi kuulizwa: vidole vikinenepa, itakuwaje? Pete yenye nakshi mzunguko mzima haina mahali pa kukatwa. Kuivuta kwa nguvu kwenye mti wa pete (fimbo ya kutanulia pete) hupata labda nusu saizi, na tepe hutanuka ovyo. Walichokubali, baada ya kunung'unika kidogo, ni kuacha kibao laini cha milimita 7 upande wa kiganja. Ni marudio mawili kamili, hivyo nakshi ikabaki marudio 16 kwa bibi na 19 kwa bwana, na hesabu ya juu na chini haikuvurugika. Upande wa kiganja ndio unaosuguliwa zaidi. Nakshi ya hapo ingefutika kabla ya pengine popote.

Metali mbili, mchoro mmoja

Bwana harusi ni Mwislamu, na dhahabu kwa mwanamume haivaliwi. Kuna wanaopendekezewa dhahabu nyeupe kama njia ya katikati. Wajue tu kwamba dhahabu nyeupe ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75 sawa na ile ya manjano. Weupe ni wa paladi au nikeli iliyochanganywa, na mara nyingi ni rodi, metali nyeupe, iliyochovywa juu. Platini si dhahabu, lakini huyeyuka kwa nyuzi 1768 za Selsiasi, na plasta ya kawaida ya sonara, ile inayomiminiwa metali, haistahimili joto hilo. Ni kazi ya karakana yenye vifaa maalumu, na bei yake inafuata. Akachagua fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha safi kwa 1000.

Kwa bibi harusi mvutano ulikuwa wa karati. Mama mkwe alitaka 22, kama bangili ilivyokuwa. Pwani, na hata mtaa wa Eastleigh hapa Nairobi, karati 18 huonwa na wengi kama dhahabu iliyotiwa maji. Kwa bangili laini hoja yake ina nguvu. Kwa nakshi ya tepe zenye kina cha nusu milimita, karati 22 ni laini mno: kingo za tepe hulala, mifereji hujaa uchafu, na baada ya miaka michache ukili unakuwa ukungu. Ya 18, kwa mchanganyiko wa dhahabu 75, fedha 12.5 na shaba 12.5, ni ngumu zaidi na bado ina umanjano wa kumridhisha mama. Karati 9 haikujadiliwa. Ingekuwa rahisi, lakini dhahabu ni asilimia 37.5 tu, na rangi yake karibu na bangili ya zamani ingejisema yenyewe.

Palitokea pia binamu aliyejitolea kuleta dhahabu ghafi ya Migori "kwa bei ya nyumbani". Jibu lilikuwa hapana. Usafi wa dhahabu ghafi haujulikani mpaka ipimwe, Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inataka leseni kwa anayefanya biashara ya madini, na mji huu unajulikana kwa matapeli wa dhahabu bandia. Kuokoa shilingi chache kwenye gramu tano hakustahili mzigo huo.

Hesabu ya bangili

Hapa ndipo wateja wengi hupotezewa mali bila kuibiwa waziwazi, kwa hiyo tuende polepole.

Bangili ya karati 22 ya gramu 8.4, kwenye karatasi, ina dhahabu safi gramu 7.7. Lakini bangili ya zamani ina viungo vya lehemu, na lehemu huwa na usafi wa chini kuliko bangili yenyewe. Ilipoyeyushwa mbele ya wenyewe ikawa tone moja la gramu 8.3, na mashine ya eksirei ikasoma sehemu 890 kwa 1000. Dhahabu safi basi ni gramu 7.39. Ni muhimu kupima baada ya kuyeyusha, kwa sababu mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu. Ukiielekeza kwenye bangili nzima inasoma ngozi ya mahali ulipoielekeza, na kiungo cha lehemu hakiingii kwenye hesabu.

Ukigawanya 7.39 kwa 0.75 unapata gramu 9.85 za karati 18. Uzito wa pete iliyomalizika ulikadiriwa hivi: mzunguko wa katikati ya ukuta mara upana mara unene hutoa milimita za ujazo 414, toa kama asilimia 20 kwa mifereji na kwa mviringo wa upande wa ndani, pabaki 330, yaani sentimita za ujazo 0.33. Uzani wa karati 18 ya mchanganyiko ule ni gramu 15.4 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Pete itakuwa na gramu 5.1.

Karakana ikasema inahitaji gramu 9 kwenye chungu cha kuyeyushia. Ni kweli, na hapo ndipo mteja asiyejua huagana na dhahabu yake. Gramu tatu na zaidi kati ya hizo si pete. Ni mlizamu, ile njia ambayo metali hupitia kuingia kwenye umbo, pamoja na kitufe kinachobaki mdomoni mwake. Baada ya kusubu vinakatwa vikiwa dhahabu ileile. Makubaliano yakaandikwa kwa uzito wa pete iliyomalizika pamoja na asilimia 6 ya upotevu wa tupa, msasa na kung'arisha: gramu 5.4. Zilizobaki, gramu 4.4 za karati 18, ni za mteja. Zina dhahabu safi gramu 3.3. Kwa namba nyepesi, gramu safi ikiwa shilingi 10,000, hiyo ni shilingi 33,000 ambazo zingeishia kwenye droo ya mtu mwingine, tena bila mtu kusema uongo wowote. (Bei halisi ya siku hupatikana kwa kugawanya bei ya dunia ya aunsi kwa 31.1035, kisha kuizidisha kwa shilingi za dola moja.)

Dhahabu ya zamani ina hatari nyingine. Risasi kidogo sana iliyojificha kwenye lehemu mbovu hufanya dhahabu ikatike kama biskuti ikipigwa nyundo. Kadimi, iliyotumiwa kwenye lehemu nyingi za zamani, hutoa moshi wa sumu. Njia salama ni kuisafisha kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki mpaka ifike 999, kisha kuanza upya na fedha na shaba mpya. Inaongeza gharama na siku. Ila kama sharti ni "dhahabu ya mama", isafishwe peke yake, isiunganishwe na ya wateja wengine, na sharti hilo liandikwe. Hapa tone lilifuliwa kuwa bamba na kukunjwa mara kadhaa bila kupasuka, ikaamuliwa kusafisha hakuna haja. Kilichoongezwa ni fedha safi na shaba safi kufikia 750 kwa 1000, yaani karati 18.

Kwenye karatasi hiyohiyo ya makubaliano kulikuwa na mstari mmoja uliookoa urafiki baadaye: kosa la kusubu ni la karakana, kosa la mchoro ni la mteja. Picha ya mizani wakati bangili inapokelewa ilitumwa kwa WhatsApp, na amana ikalipwa kwa M-Pesa ili tarehe ibaki.

Jaribio la fedha

Faili zote mbili zilichapwa kwa printa ya 3D kwa resini inayoungua ndani ya plasta na kuacha nafasi ya metali, zikasubiwa kwanza kwa fedha. Ya bwana harusi ikitoka sawa ingekuwa ndiyo pete yenyewe. Ya bibi ilikuwa ya majaribio.

Hazikutoka sawa. Zilipong'arishwa, ya bibi ilipima 16.9 badala ya 16.5, na ya bwana 20.3 badala ya 19.8. Nusu saizi kila moja. Kosa la aina hii lina sababu moja inayorudi tena na tena. Metali ikipoa husinyaa, resini pia husinyaa, na karakana hiyo ilikuwa imepima upungufu wake wote kuwa asilimia 1.7. Mchoraji, kwa kulijua hilo, aliongeza 1.7 kwenye faili. Fundi wa printa naye, kwa kulijua hilohilo, akaongeza 1.7 yake. Ukifuata hesabu: 16.5 ikawa 16.78, ikawa 17.07, ikasinyaa kurudi 16.78, na kung'arisha ndani kukaongeza 0.15. Jumla 16.93. Hakuna aliyekosea peke yake. Walikosea kwa kutoambiana.

Marekebisho yalianza mwisho yakarudi mwanzo. Inatakiwa 16.5 ikiwa imeng'arishwa, basi ikitoka kwenye plasta iwe 16.35, basi faili iwe 16.63. Ya bwana, 19.99. Jina la faili likabeba onyo lenyewe: "ukubwa umeshaongezwa, usiongeze tena". Na kwa nje ukuta ukapewa milimita 0.1 ya ziada ya kuliwa na msasa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asijaribu resini tu kidoleni, bila kusubu. Resini huonyesha sura. Haionyeshi kusinyaa, wala uzito, wala kama kingo za tepe zitakwaruza vidole vya pembeni. Bibi harusi alivaa ya fedha siku nne kazini chini ya glavu na kurudi na lalamiko moja: kingo mbili za nje zinakamata glavu. Zikaviringwa kwa nusu milimita. Jaribio la fedha lina faida nyingine ya bure. Fedha ya 925 ina uzani wa 10.36 hivi, kwa hiyo uzito wa pete ya fedha mara 1.49 ndio uzito wa ileile kwa karati 18. Ya bibi ilipima 3.4, ikatabiri gramu 5.1.

Siku ya moto

Resini ilishikizwa kwenye mlizamu wa nta, ikasimamishwa ndani ya kopo la chuma. Plasta ya kusubia, yenye jasi na silika, hukorogwa kwa kama mililita 40 za maji kwa gramu 100 za unga, na fundi ana dakika 9 hivi kabla haijaanza kuganda. Ndani ya dakika hizo huwekwa chini ya pampu ya kufyonza hewa. Kiputo kimoja kilichoganda kwenye nakshi kitakuwa kishanga cha dhahabu kati ya tepe mbili. Kopo likaachwa saa mbili, kisha tanuri: saa mbili kwa nyuzi 150, mbili kwa 370, nne kwa 730, halafu likashushwa hadi 570 kungoja dhahabu. Resini huacha majivu kuliko nta, ndiyo maana ile ngazi ya 730 haifupishwi. Wala haipandishwi ovyo: jasi ikizidi joto, hasa penye masalia ya kaboni, hutoa gesi ya salfa, na gesi hiyo huingia kwenye dhahabu kama matundu.

Stima ikipotea katikati ya ratiba hii, kopo hupoa, plasta hupata nyufa, na dhahabu hujaa kwenye nyufa na kutoka na mapezi kama ya samaki. Karakana isiyo na jenereta wala tanuri ya gesi iulizwe mapema inafanyaje. Kopo lililopoa katikati ni heri litupwe. Plasta ni rahisi kuliko nakshi.

Dhahabu ilimiminwa karibu na nyuzi 1000. Nakshi ilijaa vizuri, hata kona za tepe. Kosa likaonekana kwenye kibao laini, pale mlizamu ulipokuwa umeshikizwa: baada ya tupa na msasa wa 600, vitundu vitatu vyeusi vya kama milimita 0.3. Msasa ulipoendelea havikuisha, vilipanuka.

Sababu yake si uchafu. Mlizamu ulikuwa na kipenyo cha milimita 1.5, ukilisha ukuta ambao kabla ya msasa ulikuwa 2.0. Sehemu nyembamba huganda kwanza. Mlizamu ukaganda wakati ndani ya pete bado ni maji, na dhahabu ilipokuwa ikisinyaa ikavuta metali ambayo haikuwa na njia ya kufika. Palipobaki pakawa tundu. Kanuni ni kwamba mlizamu uwe mnene kuliko sehemu nene zaidi ya pete, uwe mfupi, na ukutane na pete kwa mdomo mpana. Kwa pete hii ni milimita 3 kwa urefu wa 8.

Karakana ilipendekeza kuziba kwa lehemu. Kwa macho ingepita. Lakini lehemu ina rangi iliyofifia kidogo kuliko pete, na mahali penyewe ndipo patakapokatwa siku ya kupanua. Moto wa siku hiyo ungeifungua. Kushonea kwa leza kwa waya wa dhahabu ileile ingekuwa njia halali kama tundu ni moja na ni la juu. Matatu yanayopanuka yanasema kuna mengine chini. Pete ikarudishwa kwenye chungu, ikachapwa na kusubiwa upya kwa mlizamu wa milimita 3, kwa gharama ya karakana, kwa ule mstari mmoja wa makubaliano. Ya pili ilitoka safi.

Jiwe, vipimo na makabidhiano

Bibi harusi alitaka tsavoriti, garneti ya kijani inayochimbwa Taita Taveta, jiwe ambalo kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ya New York ililitangaza kwa jina la Tsavo mwaka 1974. Kwa muuguzi, jiwe lililoinuliwa juu ya makucha lingetoboa glavu kila siku. Likachaguliwa la milimita 2, likazamishwa kwenye ukuta hadi usawa wa uso wa pete. Jiwe la kipenyo hicho lina kina cha milimita 1.2 hadi 1.3, na ukuta wa 1.8 unalitosha, ule wa kwanza wa 1.3 ungeliacha liguse ngozi. Ugumu wake ni kati ya 7 na 7.5, mchanga wa kawaida unaweza kuliparuza polepole. Likae mbali na moto: pete ikihitaji kupanuliwa, jiwe lilindwe au litolewe kwanza.

Kabla ya jiwe kuingia, pete ilipimwa usafi kwa maji. Hewani 5.12, ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa glasi, ilipungua 0.33. Gawanya, upate 15.5, pale karati 18 ilipopaswa kuwa. Kipimo hiki kina mipaka yake. Kwa mizani ya sehemu ya mia ya gramu, kosa dogo la 0.01 hugeuza jibu kuwa 15.1 au 16.0. Kinatosha kumkamata anayeuza karati 14, ambayo huangukia 13 na nukta. Hakitoshi kutofautisha 750 na 730. Hiyo ni kazi ya mashine, na safari hii ilisoma 752. Chapa ya 750 ikagongwa kwenye kibao. Chapa anayoigonga sonara mwenyewe ni neno lake tu, ndiyo maana risiti nayo ilibeba uzito, usafi na kipenyo.

Pete ya fedha ilimalizwa kwa mifereji iliyotiwa weusi wa salfa na tepe kung'arishwa juu yake, ukili ukaonekana kutoka mbali. Haikuchovywa rodi, rodi ingefunika kivuli chote. Fedha itasuguka haraka kuliko dhahabu na weusi utahitaji kurudishwa kila baada ya muda, kazi ya nusu saa. Kilichopaswa kukwepwa ni kuihifadhi karibu na mpira au kuivaa wakati wa kushika dawa za klorini. Bibi harusi ndiye aliyeambiwa zaidi hilo la klorini, kwani wodini imejaa, na klorini huila hata karati 18 kupitia shaba na fedha iliyomo.

Makabidhiano yalikuwa mwisho wa Oktoba. Ya bibi ilipima 16.5, ya bwana 19.8 na gramu 6.1. Mabaki ya bangili, gramu 4.4, yalirudishwa yakiwa kipande kimoja kilichofuliwa, kwenye bahasha yenye uzito ulioandikwa juu yake. Faili mbili zilizosahihishwa zikawekwa kwenye simu za wote wawili, pamoja na picha ya ukurasa wenye namba 16.63 na 19.99. Bahasha ilipelekwa Pate; mama mkwe ameshaagiza vipuli, na safari hii amehesabu tepe yeye mwenyewe.